Radi ya usiku, ozoni ya mchana

Mvua ya jioni hapa Kisumu mara nyingi hutokea mashariki. Kuanzia saa tisa alasiri unayaona mawingu yakirundikana juu ya milima ya Nandi, meusi chini, meupe pe kileleni. Ikikaribia saa kumi na mbili upepo wa baridi unashuka ghafla, unapigapiga mabati na kuangusha nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Kabla ya tone la kwanza kuna harufu. Si ile ya udongo uliolowa, hiyo huja baadaye. Hii inakwaruza pua kidogo, kama chumba cha fotokopi ambako mashine imeshinda ikifanya kazi.

Jirani yangu, mzee mstaafu anayesoma kila kitu kinachochapishwa, aliivuta ile harufu kibarazani kwake juzi akaniita. "Mwalimu, unaisikia ozoni? Radi inaitengeneza halafu inapanda kuziba lile tundu la ozoni."

Nikamjibu, "Mzee, pua yako iko sawa. Hayo mengine tutayazungumza mvua ikikatika."

Mvua haikukatika hadi saa tano usiku, kwa hiyo nayazungumza hapa.

Pua kwanza. Ozoni ni oksijeni yenye atomu tatu badala ya mbili za kawaida. Mkemia Christian Friedrich Schönbein wa Basel aliipa gesi hii jina mwaka 1840 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kunusa, maana ilimfikia kwanza kama harufu maabarani. Cheche za umeme huitengeneza kidogo moja kwa moja. Lakini huo upepo wa baridi unaotangulia mvua nao ni mchukuzi. Ni hewa iliyoporomoka kutoka kilomita kadhaa juu, na huko ozoni huwa nyingi kuliko huku chini, ambako majani, udongo na kuta huila usiku kucha. Watafiti waliopima katika misitu ya Amazon waliona ozoni ya karibu na ardhi ikiruka ghafla usiku dhoruba inapopita. Kwa hiyo sehemu ya anachonusa mzee ni ozoni ya zamani iliyoteremshwa, haikutengenezwa jioni hiyo.

Sasa twende ndani ya radi yenyewe, maana hapo ndipo kukubaliana kwangu na mzee kunapoishia. Njia ya radi ni nyembamba, unene wake ni wa sentimita chache tu, lakini joto lake hufika kama nyuzi 30,000, zaidi ya mara tano ya uso wa jua. Hewa tunayovuta ni naitrojeni na oksijeni, na naitrojeni ni mkaidi: atomu zake mbili zimeshikana kiasi kwamba karibu hakuna kinachoziachanisha. Radi huziachanisha. Atomu zilizobaki bila mwenzi hudaka oksijeni na kuwa oksidi ya naitrojeni, kisha hewa inapoa upesi mno hata gesi hiyo mpya haipati nafasi ya kuvunjika tena. Inabaki imenaswa. Radi moja ya kawaida inakadiriwa kuacha kilo kadhaa za gesi hiyo. Sio nyingi, mpaka ukumbuke kwamba duniani kote humweka radi kama 44 kila sekunde. Kwa mwaka jumla inakadiriwa kuwa tani milioni 2 hadi 8 za naitrojeni.

Na kazi ya kwanza ya gesi hii ikishazaliwa ni ipi? Kuila ozoni. Inakutana na molekuli ya ozoni, inainyang'anya atomu moja ya oksijeni, basi. Usiku mchezo unaishia hapo. Ndiyo maana namwambia mzee kwamba radi ya saa nne usiku haijatengeneza cha kutajika. Imetia hamira kwenye unga, na unga bado ni baridi.

Jua likichomoza, mwanga wake unaipasua ile gesi iliyokula na kuitapisha atomu ya oksijeni, nayo inajishikiza kwenye oksijeni ya kawaida. Ozoni imerudi. Ukipiga hesabu umepata sifuri: iliyoliwa imerejeshwa. Wanafunzi wangu wengi hutaka kufunga daftari hapa, na nawaelewa, lakini faida haijaingia bado. Faida huingia pale oksidi ya naitrojeni inapopata oksijeni yake kwa mwingine badala ya kuipora ozoni. Huyo mwingine hutokana na kuungua polepole angani kwa monoksidi ya kaboni na methani, yaani moshi wa nyika zinazochomwa, wa majiko ya makaa, na gesi ya vinamasi na ng'ombe. Jua linapasua tena, ozoni nyingine inazaliwa, na hii haina deni. Mzunguko unarudiwa mara nyingi kwa molekuli ileile ya hamira.

Wingu la ngurumo, kwa hiyo, lina kazi mbili kwa mpigo. Ni bomba la moshi linalovuta hewa ya chini hadi kilomita kumi na zaidi, na humohumo ndani ya bomba radi inanyunyiza hamira. Hewa inayotoka kileleni usiku ule inaweza hata kuwa na ozoni kidogo kuliko jirani zake, kwa sababu imetoka ardhini. Ukiipima muda huohuo utasema dhoruba inapunguza ozoni, na hutakuwa umedanganya. Ipime baada ya siku mbili tatu, mbali huko upepo ulikoipeleka.

Urefu wa kwenda juu ndio unaobadilisha thamani. Moshi wa matatu pale Kondele una gesi hiyohiyo ya naitrojeni, na dunia nzima magari, viwanda na mioto hutoa nyingi kuliko radi. Ila chini gesi hiyo hudumu kwa saa chache tu kabla ya kugeuka asidi na kuoshwa na mvua. Juu, kwenye baridi, hudumu siku kadhaa, na ozoni inayozaliwa huko hudumu wiki. Tena ndiko ozoni inakoshika joto la dunia kwa nguvu zaidi kama gesi joto, kwa hiyo sijui kama mzee angeishangilia hivyo.

Kuhusu tundu, nitakuwa mfupi. Lipo juu ya Antaktika, kwenye tabaka la ozoni lililo juu zaidi ya mawingu yetu, na lilitobolewa na kemikali zenye klorini za friji na makopo ya kupulizia, zile zilizodhibitiwa na mkataba wa Montreal wa 1987. Mawingu ya ngurumo ya kwetu huishia kwenye dari ya kilomita 16 au 17. Radi ya Nandi hailizibi.

Tunayajuaje haya? Kwa puto, kwa kiasi kikubwa. Nairobi, pale Dagoretti, puto la ozoni hurushwa mara moja kwa wiki, na kituo hicho kimo katika SHADOZ, mtandao wa vituo vya tropiki vinavyorusha maputo ya ozoni, ulioanza 1998. Niliposhuhudia mara ya kwanza nilidhani naona jaribio la shule: kiboksi cheupe chepesi, ndani yake pampu ndogo inayobubujisha hewa kwenye kikombe cha myeyusho wa iodidi ya potasiamu. Kila molekuli ya ozoni inayoingia inasukuma umeme kidogo, na umeme huo ndio kipimo. Puto hupanda hadi kama kilomita 30, hupasuka, na kiboksi huangukia shamba la mtu.

Vipimo vya namna hiyo vilileta fumbo. Mapema mwaka 1999 watafiti waliokuwa wakirusha maputo kutoka melini kwenye Atlantiki walikuta ozoni imejaa upande wa kusini wa bahari, wakati moto wa nyika ulikuwa ukiwaka kaskazini ya ikweta. Moshi kule, ozoni huku. Radi za Afrika na Amerika Kusini zimo katika maelezo yake, pamoja na pepo za juu zinazokusanya hewa hiyo baharini.

Mimi nilijaribu la kwangu. Nilifunga kipimo cha ozoni juu ya paa ili nipate dhoruba za Kisumu mwaka mzima. Kila radi ilipokaribia, stima ilipotea. Safari moja ilipotea siku mbili, nikapiga simu nikapewa namba ya malalamiko, ambayo bado ninayo. Grafu yangu ni nzuri sana kwa siku za ukame. Penye dhoruba pana pengo jeupe. Ndilo tundu la ozoni pekee nililowahi kuliona kwa macho yangu, na mzee alicheka hadi akashika mbavu nilipomwonyesha.

Wiki iliyopita nilishuka Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, alfajiri. Usiku upepo hugeuka: hewa ya nchi kavu inamiminika ziwani kutoka pande zote, inagongana katikati na kupanda, ndiyo maana radi za ziwani ni za usiku wa manane hadi asubuhi. Wavuvi wa omena walikuwa wakizima taa zao. Mmoja aliniambia upande wa magharibi ulimweka bila kupumzika na wakarudi mapema. Wingu lenyewe lilikuwa bado linaonekana, kilele chake kimetandazwa kama fuawe kuelekea Uganda, rangi ya chungwa tayari, huku sisi chini tukiwa kwenye kivuli. Kina mama walikuwa wametandika nyavu mchangani na kumwaga omena juu yake, wakingoja jua.