Shingo na mabega yaliyokaza: tunayoambiana na yaliyo kweli

"Kaa wima." Hiyo ndiyo nasaha ya kwanza anayopewa kila anayelalamika shingo, awe fundi cherehani au karani wa kompyuta. Lakini ukijikaza kama mlingoti saa tatu mfululizo, misuli ya shingo na mabega itachoka vilevile, maana haijapata nafasi ya kulegea. Hakuna mkao mmoja ambao ukiupatia, basi umepona. Kinachochosha ni kuganda. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5 hivi. Ukikiinamisha kwenye simu au kitambaa, misuli ya kisogoni ndiyo inayokishikilia kisidondoke, dakika zote ulizoinama. Fundi anayeinuka kila nusu saa kwenda kupiga pasi anajitibu bila kujua.

Dhana ninayoiogopa zaidi iko kwa kinyozi. Akimaliza kukunyoa anakukanda mabega, raha tupu, halafu anakamata kidevu na kisogo na kuzungusha ghafla: ka! Wateja huamini mfupa umerudi mahali pake. Hakuna mfupa uliokuwa umehama. Mlio ule ni wa gesi kwenye ute wa viungo, na nafuu yake haikai. Tena ndani ya pingili za shingo hupita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Msokoto wa nguvu unaweza, ingawa ni nadra, kupasua ukuta wake na kuleta kiharusi. Mabega mwachie akande. Shingo mkatalie.

Wengine husema pumzisha tu mpaka ipone. Siku moja mbili, sawa. Zaidi ya hapo misuli hudhoofu na kukaza upya. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2011 uliwapa wafanyakazi wa ofisini zoezi la kuvuta kamba ya mpira dakika 2 tu kwa siku, na baada ya wiki 10 maumivu yao yalikuwa yamepungua kuliko ya wenzao wasiofanya. Kipande cha tyubu ya baiskeli kinatosha: kanyaga katikati, shika ncha, inua mikono pembeni hadi usawa wa mabega, shusha polepole.

Diklofenaki, dawa ya maumivu, hutuliza tu, na ukiimeza wiki hadi wiki unaweza kuumiza tumbo na figo.

Ila mkono ukifa ganzi au kuishiwa nguvu, shingo ikikakamaa pamoja na homa, au bega likiuma huku kifua kinabana, usihangaike na tyubu. Nenda hospitali.