Kielezo cha uteuzi katika upimaji wa mafuta ya mimea dhidi ya vimelea

Kielezo cha uteuzi ni namba inayopatikana kwa kuchukua kiwango cha kampaundi kinachoua nusu ya seli za mwili na kukigawanya kwa kiwango kinachoua nusu ya vimelea. Tuseme mikrogramu 20 kwa mililita zinatosha kuua nusu ya vimelea vya leishmania (viumbe vya seli moja vinavyosababisha ugonjwa wa leishmaniasisi), na mikrogramu 60 zinaua nusu ya seli za binadamu: kielezo ni 3, yaani nafasi kati ya tiba na sumu ni finyu mno. Watafiti wengi hupenda kuona 10 au zaidi kabla ya kuendelea.

Kwa mafuta tete ya mimea, yaani yale yanayogeuka mvuke kwa urahisi, namba hii ina uzito wa pekee. Kemikali kama timoli ya thaimu na eujenoli ya karafuu hupenya kwa urahisi kwenye utando wa seli na kuuvuruga, na utando wa seli zetu hauna kinga maalumu dhidi yake. Kwa hiyo taarifa kwamba mafuta fulani yameua vimelea maabara, isiyotaja yaliyozipata seli za mwili, kwa maoni yangu haijasema kitu. Mafuta ya mmea wa chenopodiamu, yenye kemikali ya askaridoli, yalitumika sana mwanzoni mwa karne ya 20 kutoa minyoo ya tumbo. Minyoo ilitoka kweli, lakini baadhi ya wagonjwa walikufa kwa sumu yake, na dawa salama zaidi zilipopatikana yakaachwa.

Kipimo chenyewe nacho huweza kupotosha. Katika sahani ya maabara yenye vishimo 96, rangi ya buluu ya resazurini hugeuka ya waridi pale seli zilipo hai; mvuke wa mafuta ukihama kutoka kishimo kimoja hadi cha jirani, hata vishimo vya ulinganisho visivyotiwa dawa huathirika, ndiyo maana sahani hufunikwa kwa utando usiopitisha hewa. Tena, leishmania anayeogelea kwenye chupa ni wa hatua ya ndani ya inzi wa mchanga anayemsambaza, ilhali ndani ya mgonjwa hujificha katika seli za kinga ziitwazo makrofaji. Kielezo kilichopimwa kwa hatua ya kwanza pekee hakionyeshi kama kampaundi itamfikia kimelea huyo mafichoni bila kuiua seli inayomhifadhi.