Mtambo wa akiba haupunguzi hatari kwa kuzidisha tu

Wengi huamini kwamba ukiweka pampu ya akiba, hesabu ya usalama ni rahisi: pampu moja ikigoma mara 1 kati ya 1,000, basi mbili zitagoma pamoja mara 1 kati ya 1,000,000. Hesabu hiyo ina sharti ambalo husahaulika: kila pampu iharibike kivyake, bila uhusiano wowote na nyingine.

Mitambo halisi haiko hivyo. Pampu hizo hutumia umeme uleule, hufungwa na fundi yuleyule, hukaa chumba kimoja kinachoweza kujaa maji. Ikiwa asilimia 5 tu ya hitilafu zina chanzo cha pamoja, uwezekano wa zote mbili kugoma hupanda hadi takribani 1 kati ya 20,000, yaani mara 50 zaidi. Pampu ya tatu ya aina ileile haitaokoa sana, maana chanzo hicho kitaikumba nayo.

Mwaka 1989, ndege ya United Airlines, safari namba 232, ilikuwa na mifumo 3 ya haidroliki, yaani ya kimiminika chenye shinikizo kinachosukuma sehemu za kuongozea ndege. Injini ya mkiani ilipasuka, na tukio hilo moja likaiondoa yote mitatu.

Ndiyo maana mti wa hitilafu, yaani mchoro wa matawi unaoonyesha jinsi hitilafu ndogo zinavyoungana kuleta kubwa, mbinu iliyobuniwa katika maabara ya Bell Laboratories ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya makombora ya nyuklia ya Minuteman, hupotosha ukichorwa bila tawi la chanzo cha pamoja. Kwangu mimi, tawi hilo ndilo la kuchorwa kwanza, kabla ya kuzidisha namba yoyote.