Bolti mbili za kalipa, na kazi iliyo nyuma yake

Nimeulizwa tena: kwa nini mtu amlipe fundi wakati kubadilisha breki pedi ni kufungua bolti mbili? Nimechoka na hizi bolti mbili. Ni kweli, kwenye Toyota IST au Vitz kalipa ya mbele, yaani kile chombo kinachozibana pedi kwenye diski, imeshikwa na bolti mbili, na ukifungua ya chini ukaiinua kalipa juu, pedi zinatoka kwa vidole. Hizo ni dakika tano. Anayepima kazi nzima kwa dakika hizo ndiye anayelalamika baada ya miezi michache kwamba kauziwa pedi feki.

Pedi feki zipo. Lakini kabla hujamfuata muuzaji, zitazame zile ulizotoa. Ya ndani imebaki chuma, ya nje bado ina milimita sita? Muuzaji hahusiki, mara nyingi ni pini za kalipa zimeganda. Kalipa hizi zina pistoni upande mmoja tu. Pistoni inaisukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini zake mbili ili kuivuta ya nje ikutane na diski. Pini zikigoma, pedi ya ndani inabeba kazi yote, na hata ukiachia pedali inaendelea kuburuza. Pedi ikilika mshazari, nene huku na nyembamba kule, mara nyingi pini moja inateleza na mwenzake kaganda. Ukifunga pedi mpya juu ya pini hizo, nazo zitakwisha vilevile. Kwa magari ya Dar, Tanga au Mombasa, ambako hewa ya chumvi inaleta kutu haraka, mimi sikubali kalipa ifunguliwe bila pini kuchomolewa.

Chomoa pini zote mbili, na ukumbuke ipi ilikuwa juu na ipi chini, kwa sababu kwenye kalipa nyingi moja ina kiraba nchani na ukizibadilisha nafasi zinakwama. Futa grisi ya zamani mpaka chuma king'ae, na usisahau ndani ya tundu. Pini iliyolika vishimo tupa. Kifuniko cha raba kilichochanika badilisha, maana maji yataingia tena mvua ya kwanza tu. Kisha paka grisi ya silikoni ya breki, utando mwembamba. Grisi ya beringi inaivimbisha raba, na pini iliyokuwa inateleza leo inabanwa mwezi ujao. Ukishindilia grisi nyingi, hewa inanaswa chini ya pini nayo inairudisha nje. Iteleze kiasi gani? Vitabu vinasema "iteleze kwa urahisi" na kuishia hapo. Hakuna namba. Mimi nataka niisukume kwa kidole gumba na isinikwaruze popote, lakini huo ni mkono wangu, na fundi mwingine mzuri anaweza kutaka tofauti.

Jambo la pili wanaloliruka ni vibati ambavyo masikio ya pedi hukalia. Kutu hujijenga chini yake na kuvinyanyua. Vitoe, sugua kishikio vilipokaa kwa brashi ya waya, virudishe. Pedi iingie kwa kusukumwa na vidole. Ukiona nyundo inahitajika, simama, hujamaliza kusafisha.

Mengine ni ya haraka. Gari likae juu ya stendi, jeki peke yake haitoshi. Kalipa usiining'inize kwa hozi yake, ifunge kwa waya. Kabla ya kurudisha pistoni, tazama chupa ya mafuta ya breki. Ikiwa imejaa punguza, maana yatafurika na kuharibu rangi ya gari. Sukuma taratibu kwa klampu, ukiwa umeweka pedi ya zamani katikati. Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa wa diski umegongwa kwenye diski yenyewe, upime. Badilisha kulia na kushoto pamoja. Nati za tairi za Toyota hizi ndogo hukazwa kwa Nm 103.

Kabla gari halijasogea hata hatua moja, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Pistoni umezirudisha nyuma, kwa hiyo mkanyago wa kwanza utazama mpaka chini bila breki yoyote. Halafu tafuta barabara tupu, punguza mwendo kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 15 kama mara kumi bila kusimama kabisa, ziache zipoe. Na hata ukifanya yote haya kwa usahihi, pedi nyingine zitalia tu. Mchanganyiko wa pedi na diski fulani hupiga kelele, na mara nyingi huwezi kujua mpaka uzifunge.

Kwa hiyo pedi za mbele, ukiwa na saa mbili za utulivu na vifaa hivyo, fanya mwenyewe. Mpaka wangu ni mafuta ya breki. Pedali laini, unyevu karibu na pistoni, raba ya pistoni iliyopasuka, au chochote kinachohitaji kutoa upepo kwenye mfumo wa breki, peleka gereji. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka nyuzi 205 au zaidi. Yakishanyonya unyevu wa kutosha kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140, na yakichemka pedali inazama. Mtu aliyeacha hewa kwenye mfumo, au mafuta ya miaka mingi, anaweza kuzunguka mjini bila kujua, akaja kulijua kwenye mteremko mrefu wa Kitonga, kule Iringa. Pedi za nyuma za gari lenye breki ya mkono ya umeme nazo usiziguse bila mashine ya kuifungua. Na kalipa za nyuma zenye breki ya mkono ndani yake mara nyingi pistoni huzungushwa. Ukiilazimisha kwa klampu unaivunja.

Ila kulipa nako si kinga. Fundi anayemaliza magurudumu mawili kwa robo saa hakugusa pini, naye anaamini bolti mbili kama wewe. Muulize kabla: utachomoa pini? Una grisi ya silikoni? Kaa pale, uone. Na kabla hujatoa pesa, mwombe pedi zote nne za zamani, zipange chini kwa jozi, ya ndani na ya nje, ukiangalia unene. Zikitofautiana, mwambie akuonyeshe pini.