Msako Ngamiani: yanayosemwa kijiweni na yaliyomo kwenye sheria

Polisi wakipitisha msako Ngamiani, hapa Tanga, kesho yake barazani kila mtu ni mwanasheria. Mengi yanayosemwa hayamo kwenye sheria.

"Kama huna kosa, huna cha kuogopa." Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na ndiyo inayoumiza zaidi. Difenda, gari la polisi, ikisimama, hupandishwa waliopo: teja, bodaboda anayesubiri abiria, na kijana aliyetumwa mkaa na mama yake. Kinachomwokoa huyo wa mkaa si usafi wake, ni utaratibu. Anayekamatwa aambiwe kosa lake. Aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au kama kosa si zito, apewe dhamana hapo kituoni. Na Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika.

"Dhamana ya polisi ina bei yake." Haina. Ukiombwa hela ya mafuta ya gari, hiyo ni rushwa.

"Haki za mtuhumiwa zinawalinda wauza unga." Wasemao hivi wana uchungu wa kweli, unga ukiingia nyumbani hata sufuria haibaki. Lakini angalia kesi za dawa za kulevya zinavyoangukia mahakamani: hati ya ukamataji mali haina saini ya shahidi huru, au kete za unga zimepita mikono ambayo haikuandikwa popote, hakimu hajui kama zilizofika kwa mkemia wa Serikali kupimwa ndizo zilizotoka chini ya godoro. Askari anayemwita mjumbe ashuhudie upekuzi hamfanyii hisani mwenye nyumba. Anaijenga kesi yake. Anayeruka hatua hiyo ndiye anayemrudisha muuzaji mtaani, tena akicheka.

"Mkuu wa wilaya anamweka ndani amtakaye." Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa saa 48 zisizozidi, kwa kosa la jinai au hatari ya kuvunjika kwa amani, na sababu aziandike kwa hakimu. Kuuliza swali kali mkutanoni hakumo.

Wapo pia wa upande wa pili, hasa vijana wa mitandaoni: "Nina haki zangu, hamnigusi." Ibara ya 30 ya Katiba inaruhusu sheria kuzibana haki hizo kwa ajili ya usalama wa jamii. Askari mwenye sababu za msingi za kukushuku anaweza kukukamata, na ukimsukuma umejiongezea kosa la pili.