Shemeji kakuazima milioni 30? Mrudishie kabla hujaenda kuomba visa

Wiki iliyopita kanipigia simu kaka mmoja ana kampuni ya safari hapa Arusha, ana magari mawili na anaenda ITB Berlin, yale maonyesho ya utalii ya Ujerumani, mwezi wa tatu, ananiambia kwa furaha kabisa "dada nimeshajaza akaunti, we andaa fomu tu." Nikajua tayari. Nikamwambia aje ofisini na stetimenti, akaja, na kilichokuwemo ni kile kile ninachokiona kila Januari tangu nianze kazi hii ya kuandaa karatasi za visa.

Ukurasa wa mwisho, safu ya salio: 1,240,000. Halafu 1,110,000. Halafu 860,000. Halafu mstari unaofuata, Jumanne, 30,860,000. Maelezo ya muamala: fedha taslimu, tawi la hapa hapa mjini. Hakuna jina la aliyeweka wala sababu. Namuuliza hii imetoka wapi, anasema shemeji kaniazima, itakaa mpaka visa itoke halafu namrudishia.

Jamani. Nimechoka na hili jambo na leo naliandika lote ili nikiulizwa tena nitume linki.

Imani iliyopo mtaani ni kwamba ubalozi unaangalia una shilingi ngapi, na ukifika kiwango fulani (wengine wanasema milioni 20, wengine 30, nimewahi kusikia mpaka 50) visa inatoka. Hakuna kiwango hicho. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye visa moja ya pamoja, ambazo sasa ni 29, zinafuata Kanuni ya Visa ya mwaka 2009, na humo uwezo wa kifedha unapimwa kwa siku utakazokaa, shughuli unayoenda kufanya, na bei za chakula na malazi ya kawaida ya nchi ile, unazidisha kwa idadi ya siku. Basi. ITB ni siku tatu, na za kufika na za kuondoka tuseme siku 6, hata ukijipigia euro 150 kwa siku ni euro 900. Sasa mtu wa euro 900 anayeleta milioni 30 zilizoingia Jumanne anamwonyesha nini yule ofisa? Anamwonyesha kwamba kuna kitu kinafichwa, maana mwenye hela zake hana sababu ya kuziingiza kwa mkupuo siku kumi kabla ya apointimenti.

Na hapa ndipo watu wananichanganya, wanadhani ofisa akiwa na mashaka atauliza. Haulizi! Kwenye karatasi ya kukataliwa kuna viboksi, anatia tiki na maisha yanaendelea. Na mara nyingi tiki haiwi kwenye kile cha hela kutotosha, inakuwa kwenye kile cha kwamba maelezo ya sababu na mazingira ya safari yako hayaaminiki, au kile cha kwamba kuna mashaka ya msingi kama utarudi kwenu. Mtu anarudi kwangu analia "lakini hela zilikuwepo!" Ndiyo zilikuwepo, na ndizo zilizokuponza.

Stetimenti ya benki siyo cheti cha utajiri, ni hadithi ya biashara yako ya miezi mitatu mpaka sita, na msomaji wake anataka kujua kama hadithi hiyo inafanana na zile karatasi nyingine ulizoleta. Umeandika kwenye fomu kwamba una kampuni ya safari. Haya, kampuni ya safari inaishije? Wateja wa nje wanatuma malipo ya awali, kampuni inalipa viingilio vya hifadhi kwa kontroo namba, inalipa lodji, mafuta, gereji, mishahara ya madereva, posho ya mpishi, kodi ya ofisi, TRA. Hivyo vyote vikionekana kwenye akaunti, hata salio la mwisho wa mwezi likiwa laki nane, yule ofisa anaiona kampuni iko hai na anamwona mwenye kampuni ana kitu cha kurudia.

Nikamuuliza yule kaka, akaunti ya kampuni iko wapi? Akasema ipo, ila sijaileta dada, ile hela inaingia na kutoka tu, mwisho wa mwezi haibaki kitu, naona aibu. Nikamwambia nenda kaichape sasa hivi. Alivyorudi nayo nikaanza kuipitia na kalamu: Septemba malipo kutoka kwa wakala wa Ujerumani, siku nne baadaye malipo ya hifadhi, Oktoba tena, Novemba mvua za vuli kimya kimya, katikati ya Desemba inafufuka kwa wageni wa Krismasi. Huyo wakala wa Ujerumani ndiye huyo huyo aliyemwandikia barua ya mwaliko! Yaani jina lililo kwenye barua liko pia kwenye benki, mara tatu, na pembeni kuna kiasi kwa euro. Ushahidi wa biashara ulio bora kuliko huo sijauona, na mwenyewe alikuwa ameuacha nyumbani akaenda kubeba za shemeji.

Msimu nao wanausahau. Kampuni ya kaskazini huku Aprili na Mei inakuwa kavu, kambi nyingine zinafungwa kabisa kwa masika, Julai mpaka Septemba ndio hela inaingia. Ukiomba visa ya Juni stetimenti yako ya miezi mitatu itaonyesha jangwa, na hiyo siyo dhambi, ila iandike kwenye barua yako kwa sentensi mbili: huu ni msimu wa mvua, hizi hapa bukingi za Julai. Huwa sikubaliani na wenzangu wanaosema barua ya maelezo isizidi nusu ukurasa. Kama kuna kitu cha kuelezea kielezee, mradi kila unachoeleza kina karatasi nyuma yake.

Na kama kweli kuna hela kubwa imeingia kihalali? Umeuza gari, umeuza kiwanja, umepata mkopo wa benki? Iache pale pale, ambatanisha mkataba wa mauziano au barua ya mkopo. Kiasi kikubwa chenye maelezo hakina shida, shida ni kiasi kikubwa kilicho bubu.

Mambo mengine nayapitia haraka maana hayana ubishi. Ada ya visa ni euro 90 tangu Juni 2024, ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000 na ikubalike nchi zote za Schengen. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka kule, na kurasa mbili tupu. Unaomba mapema kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla, jibu kwa kawaida ni siku 15 lakini wanaruhusiwa kufika 45, kwa hiyo anayekuja kwangu tarehe 18 Februari kwa maonyesho ya mwanzoni mwa Machi anaomba muujiza na mimi sina muujiza. Unaomba kwa nchi utakayokaa zaidi, siyo ile unayosikia "inatoa kirahisi". Barua ya mwaliko iseme nani analipa nini, tarehe, na uhusiano wenu wa biashara, maana barua yenyewe siyo visa, ni karatasi moja kati ya nyingi.

Kingine ni stika ya visa inayobandikwa kwenye pasi. Ukishapata, soma idadi ya siku, usisome tarehe peke yake. Tarehe zinaweza kuwa za wiki tatu nzima lakini pameandikwa siku 8, basi ni siku 8, na ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Mfumo mpya wa mipakani ulioanza Oktoba 2025 unarekodi kuingia na kutoka kwako kwa alama za vidole na picha, hakuna tena kubahatisha na mihuri.

Sasa niseme na ninachokionea uchungu. Nimewahi kuandaa mafaili mawili yanayofanana kama mapacha, wote kampuni ndogo, wote mwaliko mmoja, mmoja kapata, mwingine, binti wa miaka 26 ambaye hajaolewa na hajawahi kutoka nje ya nchi, kanyimwa kwa tiki ya mashaka ya kurudi. Kwenye faili lake sikuona kosa, mpaka leo nikilifungua silioni. Nikimwambia mteja karatasi nzuri zinatosha nitakuwa namdanganya. Karatasi nzuri zinakuondolea sababu za kijinga za kukataliwa, hizo nyingine ziko mikononi mwa mtu asiyekujua. Na kwa Ujerumani sasa hivi ni kugumu zaidi, zamani ungeandika barua ya kupinga kwa ubalozi wenyewe, lakini huo utaratibu umefutwa tangu 1 Julai 2025, kwa hiyo kilichobaki ni kuomba upya au kufungua kesi mahakamani Berlin. Kampuni ya magari mawili itafungua kesi Berlin? Ndio maana nang'ang'ania faili la kwanza liwe safi.

Na wale wanaotaka niwatafutie stetimenti ya "kutengeneza", naomba msinipigie. Ubalozi unaweza kuuliza benki, na maombi yako yanakaa kwenye mfumo wao wa pamoja mpaka miaka 5, nchi zote wanaona. Umefunga mlango wako mwenyewe kwa karatasi ya elfu hamsini.

Yule kaka amerudisha hela kwa shemeji yake siku ile ile. Ule mstari wa milioni 30 hatuwezi kuufuta, kwa hiyo tumeandika aya moja: ilikuwa mkopo wa familia, imerudishwa tarehe fulani, gharama za safari zinatoka akaunti ya kampuni, hii hapa. Anateremka Dar Alhamisi kutoa alama za vidole.

Kwa wanaopanga ITB ya mwaka ujao: stetimenti mtakayoipeleka Februari inaanza kuandikwa Septemba. Dereva mlipe kupitia benki, gereji ilipwe kupitia benki, na malipo ya wakala yaingie akaunti ya kampuni, siyo ya mke wako.