Je, wajua kwa nini mitambo ya kusaka maada giza hufukiwa ardhini?

Mtu wa Mtwara akisikia kwamba kuna mtambo wa kusaka maada giza (maada isiyoonekana, inayojulikana kwa mvuto wake tu kwenye nyota na galaksi) uliozikwa karibu mita 1,480 chini ya ardhi, huenda akafikiria gesi ya Mnazi Bay: kitu kiko chini, kinafuatwa chini. Sivyo. Maada giza, ikiwa ni chembe kama nadharia nyingi zinavyodai, hupenya mwamba bila kizuizi. Ipo ufukweni Msimbati sawasawa na mgodini. Chembe moja ikiwa na uzito wa protoni 100, ndoo ya lita 10 ingekuwa nazo kama 30 wakati wowote, zikipita kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde.

Kinachokimbiwa ni miuoni, chembe zinazozaliwa angani na kupita kwenye kiganja kama mara 100 kwa dakika, kwani zingefunika mgongano adimu wa maada giza. Mwamba mnene kiasi hicho huzipunguza mara milioni kadhaa.

Lakini mwamba nao una urani na thoriamu, zinazotoa mionzi. Kwa hiyo LZ, ndio mtambo huo wa mita 1,480, ulio katika mgodi wa zamani wa dhahabu wa Homestake, South Dakota, Marekani, umezungushiwa tangi la maji. Ndani, sehemu ya kupimia ina tani 7 za zenoni, gesi nzito iliyopoozwa hadi nyuzi kama -100 ikawa kimiminika. Chembe ikigonga, hutokea mmweko hafifu. Elektroni zilizong'oka huvutwa juu kwa umeme, na zikifika kwenye tabaka la gesi ya zenoni lililo juu ya kimiminika hutoa mmweko wa pili. Muda kati ya mimweko hiyo huonyesha kina cha mgongano. Uwiano wa mwanga wake hubainisha kama kilichogongwa ni kiini cha atomi, kama inavyotarajiwa kwa maada giza, au elektroni tu. Migongano ya karibu na ukuta hutupwa, kwa kuwa mingi hutokana na mionzi ya nje.

Adui sugu ni radoni, gesi inayovuja kutoka kwenye chuma chenyewe, viungo vilivyochomelewa na vumbi. Ukuta hausaidii, kwa kuwa huzaliwa ndani. Ndiyo sababu vifaa hupimwa mionzi kabla ya kufungwa. Gramu 100 tu za korosho, kwa potasiamu yake, hutoa mioziko (atomi kuvunjika na kutoa mionzi) kama 20 kila sekunde: kwa mlaji si kitu, kwa mtambo huu ni balaa.

Hadi sasa maada giza haijanaswa. Ila mwaka 2024, mitambo mingine ya zenoni, XENONnT ulioko Italia na PandaX-4T ulioko China, ilitangaza dalili za nyutrino (chembe nyepesi mno) za jua zikigonga viini vya zenoni, na hizo hakuna kina cha mgodi kinachozizuia.